Nimetuma maombi 187 ya kazi ya kompyuta, bado nabeba maboksi

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 25. Nilimaliza digrii ya teknolojia ya habari miezi kumi na sita iliyopita, na tangu siku ile natafuta kazi. Nina daftari ninamoandika kila ombi ninalotuma. Jana usiku nimeandika la 187. Katika hayo yote nimeitwa kwenye usaili mara nne. Mara tatu waliniambia "tutakujulisha", na mara ya nne hata hilo hawakulisema. Wengine wote kimya, au inakuja barua pepe saa nane za usiku iliyoandikwa na mashine: "Tunakushukuru kwa kuonyesha nia ya kufanya kazi nasi." Nimeshaikariri, Mjomba. Naweza kuighani.

Kila tangazo linalosema ni la wanaoanza linataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Huo uzoefu nitautoa wapi ikiwa kila anayeutaka anataka niwe nimeupata kwa mwingine?

Ndoto yangu ni kuwa mchambuzi wa usalama wa mtandao, tangu mwaka wa pili chuoni, na maombi yangu mengi nimeyapeleka huko. Nimefanya mtihani wa Security+ nikafaulu, nikachukua na AWS Cloud Practitioner ya huduma za wingu za Amazon, na nina cheti kingine cha kozi ya usalama niliyosoma mtandaoni. Sasa rafiki yangu ananisukuma nianze CISSP, cheti kikubwa cha usalama wa mtandao, anasema ukiwa nayo wanakutafuta wao. Gharama yake si mchezo, itabidi nikope.

Kwa sasa nafanya kazi ghalani. Napokea mizigo, nahakiki orodha, napanga rafu. Wenzangu ni watu wazuri, sina la kulalamika, ila sikusomea hilo. Na kwa kuwa wanajua nilisoma kompyuta, printa ikigoma ni mimi, msimamizi akisahau nenosiri ni mimi. Mwezi uliopita skana zetu 14 za kusoma msimbopau zilikuwa zinapoteza mtandao kila zamu zinapopokezana. Nikaona anwani zake zinaanza na 169.254, nikamwambia yule fundi anayeitwaga kutoka nje kwamba nahisi anwani zinaisha, maana simu za watu nazo zimo kwenye mtandao uleule. Akatenganisha, tatizo likaisha. Lakini hayo ni mambo madogo, huwezi kuyaweka kwenye CV.

Miezi mitano iliyopita, nje ya maombi hayo, nilipewa nafasi ya dawati la msaada, mkataba wa miezi sita, kupokea simu za watu ambao kompyuta zimewashinda. Niliikataa. Niliogopa nikianzia huko nitagandia huko. Sasa usiku nikilala naiwaza.

Usaili wa mwisho waliniuliza: "Mtumiaji anapiga simu, anasema intaneti haifanyi kazi. Utafanya nini?" Nikaeleza tabaka saba za OSI, ile nadharia ya jinsi mitandao inavyowasiliana, ya kwanza hadi ya saba, bila kukosea hata moja. Wakatazamana.

Zamani baba alikuwa ananiuliza kila jioni nimefikia wapi. Siku hizi haulizi. Ananitazama nikivua buti za ghalani mlangoni, kisha anarudisha macho kwenye redio. Afadhali angeuliza.

Nisaidie, Mjomba. Nichukue CISSP? Au nikubali tu kwamba akili mnemba imeshachukua kazi zetu na nilisomea kitu kinachokufa?

Niliyechoka na Tutakujulisha

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilitamani uwe karibu nikuvute sikio, kwa sababu jibu la nusu ya maswali yako umeliandika mwenyewe, ukalifunga kwa maneno "hayo ni mambo madogo", ukalipita mbio kwenda kulia kuhusu vyeti.

Turudi kwenye skana zako.

Kifaa kinapojiunga na mtandao huomba anwani kwa huduma ya DHCP, inayogawa anwani. Kikiomba na kisijibiwe, vifaa vingi hujipa anwani vyenyewe, inayoanza na 169.254. Anwani hiyo ni kama mtu anayekwambia, "Nimepiga hodi, hakuna aliyeitikia." Hilo ulilitambua. Kisha ukaona kwamba tatizo linakuja wakati maalumu, zamu zinapopokezana. Kisha ukajiuliza saa hiyo kuna nini, ukapata kwamba kuna watu wa zamu mbili ndani ya jengo moja, na simu zao zote zimo mtandaoni zikigombea anwani na skana. Kisha ukaenda kwa mwenye mamlaka ya kurekebisha ukampa dhana yako, hukugusa kitu kisicho chako.

Mimi nimewafanyia watu usaili miaka mingi. Nimekutana na wenye miaka mitatu kwenye CV, ukiwaonyesha 169.254 wanakwambia mtandao uko sawa kwa sababu anwani ipo. Wewe uliisoma, ukaifuata hadi chanzo chake, katikati ya maboksi, bila mtu kukutuma. Halafu unaniambia huna uzoefu.

Nitarudi kwenye skana hizo, maana sijamalizana nazo. Kwanza nikuambie kuhusu soko, kwa sababu sitaki udhani nasema kosa lote ni lako.

Uliingia sokoni wakati mbaya. Miaka ya janga la korona kampuni za teknolojia ziliajiri kama watu wanaonunua chakula kwa njaa, huku mikopo ikiwa karibu ya bure. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu sifuri, na kufikia katikati ya 2023 ilikuwa imevuka asilimia 5. Pesa ilipokuwa ghali, mapanga yakatoka. Meta iliondoa watu 11,000 Novemba 2022, na Machi iliyofuata ikatangaza wengine 10,000. Januari 2023 pekee Alphabet, mama wa Google, ilitangaza 12,000, Microsoft 10,000, na Amazon zaidi ya 18,000. Watu hao hawakuyeyuka. Mwenye miaka sita ya uzoefu akikosa ya ngazi yake anashuka kuomba ya ngazi ya chini, na ya chini ndiyo yako. Juu ya hilo, kazi zinazofanyika ukiwa popote zimefanya tangazo moja ligombewe na watu wa pembe zote za dunia, na kutuma ombi siku hizi ni kubofya mara mbili. Kwa hiyo kimya cha wale 183 usikipokee kama hukumu ya akili yako. Wengi wao CV yako hakuna jicho la binadamu lililoiona.

Na akili mnemba? Sitakudanganya. Kipande cha chini cha ngazi kimeng'olewa. Zamani kijana wa dawati la msaada alishinda asubuhi nzima akibadilishia watu manenosiri. Leo mtumiaji anabadilisha mwenyewe kupitia ukurasa, na maswali mepesi anayajibu roboti wa maandishi. Kazi za namna hiyo zimepungua na hazirudi.

Lakini kumbuka tarehe 19 Julai 2024. Sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft yenyewe. Viwanja vya ndege, hospitali, benki, skrini za bluu kila mahali. Dawa yake ilikuwa nini? Nyingi zilihitaji mtu asimame mbele ya mashine, aiwashe katika hali salama, afute faili moja, aiwashe upya, aende kwa inayofuata. Na pale ambapo diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, aingize kwanza ufunguo wa tarakimu 48, kwa mkono, huku meneja amesimama nyuma yake anahema. Roboti wa maandishi siku ile hakumsaidia mtu. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na ofisi zikabaki na mashine za kuhamisha, za kubadilisha, na za kumweleza mhasibu kwa nini kitufe chake kimehama upande. Kazi ya mikono na ya subira na watu ipo. Haina jina zuri la kuweka LinkedIn, ndiyo maana hukuitafuta.

Hapo ndipo lawama inaanza kukuhusu.

Maombi yako mengi umeyapeleka kwenye uchambuzi wa usalama. Mpwa wangu, mlinzi wa geti anayeanza kazi leo hamjui mwizi ni nani, kwa sababu bado hajamjua mpangaji ni nani. Mchambuzi wa usalama anakaa mbele ya maelfu ya kumbukumbu za mfumo akitafuta jambo lisilo la kawaida. Utalionaje kama hujakaa na ya kawaida? Akaunti ya mtu wa mapokezi ikiingia saa tisa usiku na kufungua folda za mishahara, unahitaji kujua kwamba mtu wa mapokezi hafunguagi folda hizo. Ujuzi huo watu huupata kwa kuhudumia ofisi: kufungua akaunti, kutoa ruhusa, kufunga masasisho, kurudisha mafaili yaliyofutwa. Ndiyo maana waajiri wengi huwachukua watu wa usalama kutoka kwenye dawati la msaada au kwenye mitandao. Wapo walioingia moja kwa moja, ndiyo, lakini usijenge nyumba juu ya bahati ya jirani.

CISSP usiiguse. Rafiki yako anakutakia mema ila hajasoma masharti. Cheti hicho kinataka miaka mitano ya kazi ya usalama yenye malipo, katika angalau maeneo mawili kati ya manane ya mtihani wake. Digrii inaweza kukupunguzia mwaka mmoja, si zaidi. Ukifaulu mtihani bila miaka hiyo, hupewi CISSP; unaandikishwa kama mshirika anayesubiri kutimiza miaka. Ukope pesa ili uwe msubiri? Kusubiri unakufanya tayari, na ni bure.

Tena nikuulize, vyeti vitatu ulivyonavyo vimekupa nini? Security+ ni nzuri, iache kwenye CV, na kumbuka inakwisha baada ya miaka mitatu usipoihuisha. Cloud Practitioner ni ya utangulizi, AWS wenyewe wanaiita ya msingi. Ukiwa na hamu isiyozuilika ya kusoma kitu, soma mitandao kwa kiwango cha CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, hata kama hutafanya mtihani, kwa sababu kile ulichokifanya ghalani kinaonyesha una jicho la mitandao. Lakini cheti cha nne hakitafanya kile ambacho cha kwanza, cha pili na cha tatu vimeshindwa. Anayekuajiri hajiulizi kama unaweza kufaulu mtihani. Anajiuliza kama siku mambo yakiharibika saa kumi na moja jioni, utasimama wapi.

Na hilo swali wamekuuliza waziwazi, kwenye usaili, ukawajibu kwa tabaka saba za OSI.

Nilicheka, unisamehe. Nilicheka kwa sababu na mimi niliwahi kufanya hivyo hivyo. Mtu akikuambia mtoto wake ana homa, humwelezi mfumo wa mzunguko wa damu. Unamuuliza: tangu lini? Amekula nini? Na wengine nyumbani wanaumwa?

Mwenye intaneti iliyogoma mfanyie hivyo hivyo. Ni yeye peke yake au na wa meza ya pili? Ikiwa ofisi nzima imezimika, tatizo haliko kwenye kompyuta yake na hakuna haja ya kumfanya aizime na kuiwasha mara tano. Ikiwa ni yeye tu, kitu gani kimebadilika tangu jana? Amehama meza? Kebo imekaa sawasawa, au waifai imezimwa kwa bahati mbaya? Ana anwani gani? (Hapa, mpwa wangu, ndipo ungetaja 169.254, na ndipo wangeacha kutazamana na kuanza kukutazama wewe.) Anwani ikiwa nzuri, je, anafikia ruta? Anaifikia anwani ya nje kama 8.8.8.8? Akiifikia hiyo lakini tovuti kwa jina hazifunguki, basi shuku DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Na katikati ya yote hayo unamwambia mtu wa upande wa pili unachokifanya, maana yeye ana ripoti ya kutuma na anadhani dunia imeisha. Ukishindwa, unaandika ulichojaribu kwenye tiketi, ile rekodi ya tatizo la mteja, na kumpandishia mwenzako wa ngazi ya juu, ili asianze upya kumuuliza mteja kuhusu kebo. Waajiri wanapenda sana sentensi hiyo ya mwisho. Kijana asiyejua kusema "hapa nimefika mwisho" huwa anawaharibia vitu.

Jiandae pia kwa swali la kosa ulilowahi kufanya. Usiseme kosa lako ni kujituma kupita kiasi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilichomoa kebo ya umeme ya seva nikidhani ni ya ile ya zamani tuliyoistaafisha. Ofisi nzima ikanyamaza ghafla, ule ukimya wa watu thelathini kuinua vichwa kwa pamoja. Nikarudisha kebo, nikaenda mwenyewe kwa mkuu wangu kabla hajanifuata, na tangu siku hiyo nabandika lebo hadi kwenye chaja ya simu yangu. Kisa hicho kimenipa kazi mbili.

CV yako sijaiona, ila naweza kuikisia. Juu kuna aya inayosema wewe ni mchapakazi mwenye ari ya kujifunza na uwezo wa kufanya kazi katika timu. Chini yake orodha ya masomo. Kisha vyeti. Kisha, pembeni kwa aibu, "mfanyakazi wa ghala", mstari mmoja. Ipindue. Kazi ya ghala ipande juu, na chini yake uandike kama mtu aliyeshuhudia: "Skana 14 zilikuwa zikikatika mtandao kila mabadiliko ya zamu. Niligundua kwamba zinajipa anwani za 169.254, nikashuku uhaba wa anwani za DHCP unaosababishwa na simu za wafanyakazi, nikamshauri fundi. Simu zilitenganishwa na tatizo likaisha." Mistari mitatu. Ongeza na ya printa na ya manenosiri, lakini kwa namna hiyo hiyo: kilichoharibika, ulichokiona, ulichokifanya, kilichotokea. Cheo usikibadilishe. Ulikuwa mtu wa ghala, andika mtu wa ghala. Ukijiita "msaidizi wa mifumo" watapiga simu kuuliza na utapoteza hata kile cha kweli. Na jina la mwajiri wako au mpangilio wa mtandao wake usimwage kwenye mitandao ya kijamii. Kwenye usaili eleza tatizo, si ramani ya nyumba ya watu.

Unapopungukiwa visa vya kazini, tengeneza vyako. Una laptopu? Ikiwa na kumbukumbu (RAM) ya GB 16 inatosha. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta za kuigiza ndani ya yako, ni bure. Microsoft inatoa toleo la majaribio la Windows Server la siku 180. Jenga Active Directory ndogo, yaani orodha ya watumiaji na ruhusa zao, watumiaji watano wa kubuni, mmoja haruhusiwi kufungua folda ya mshahara. Kisha viharibu makusudi. Weka anwani mbaya ya DNS uone mashine zinavyolalamika. Jifungie nje ya akaunti. Bana DHCP iwe na anwani tatu kwa mashine tano, urudie kile kisa cha ghalani ukiwa na viatu vya fundi safari hii. Weka na osTicket, programu ya kupokea tiketi, nayo ni bure, ujifungulie tiketi na uzijibu kwa lugha ambayo mhasibu ataielewa. Ukurasa mmoja wa maandishi kuhusu ulichoharibu na ulivyokirekebisha unanitosha mimi kama msaili. Kurasa thelathini zenye picha za rangi sizisomi, nakuambia ukweli.

Hayo 187 nayo. Gawa kwa miezi kumi na sita, ni karibu dazeni kila mwezi, wala si mengi hivyo kama daftari linavyokufanya ujisikie. Shida ni kwamba naamini yote yalikwenda na CV moja. Tangazo likisema "kuhudumia watumiaji wa Microsoft 365", nawe umewahi kugusa Microsoft 365, tumia maneno hayo hayo, kwa sababu anayechuja mara nyingi ni ofisa utumishi au programu, na wote wawili wanatafuta neno lile lile. Tuma siku za mwanzo za tangazo. Sharti la miaka miwili lichukulie kama bei ya kwanza ya muuzaji. Ukifikisha nusu ya yaliyoandikwa, tuma. Na panua majina unayotafuta: fundi wa msaada wa kompyuta, msaidizi wa mtandao, fundi wa kituo cha data anayebadilisha diski na kuvuta kebo, mtu wa huduma kwa wateja katika kampuni ya programu, mtu wa kompyuta wa shule au wa hospitali. Sehemu hizo hazina mapambo lakini utagusa kila kitu, kwa sababu mara nyingi hakuna mwingine wa kugusa.

Jihadhari tu na matapeli, maana wananusa waliochoka. Anayetaka ulipie mafunzo au vifaa kabla ya kuanza kazi, anayekufanyia usaili kwa ujumbe wa maandishi tu, anayetaka picha ya kitambulisho na akaunti ya benki kabla hujaona uso wa mtu, huyo achana naye hata kama mshahara unametameta.

Ule mkataba wa miezi sita. Hofu ya kuganda si ya kijinga, nimewaona walioganda. Waliganda kwa sababu mwaka wa tatu walikuwa wanajibu tiketi zilezile kwa majibu yaleyale, hawakuomba kufuata wenzao kwenye chumba cha seva, hawakujifunza kuandika hata skripti moja ya kuwapunguzia kazi. Ukikaa mwaka na nusu na hakuna jipya unaloligusa, ondoka. Lakini huwezi kuganda kwenye maji ambayo hujaingia. Leo ungekuwa unakaribia kumaliza hiyo miezi sita, na miezi sita ya tiketi ingekuwa imelijibu swali la "uzoefu wako uko wapi". Waandikie. Sema uliikosa nafasi kwa uamuzi wako na sasa umebadilisha mawazo, kama kuna nafasi nyingine ya namna hiyo wakufikirie. Fupi, bila kupiga magoti. Waliowahi kukutaka ni rahisi kukutaka tena kuliko wageni.

Kuhusu baba, nadhani ameacha kuuliza kwa sababu kila akiuliza anaona unavyoumia. Mweleze kisa cha skana, taratibu, pamoja na zile simu. Atakielewa vizuri kuliko vyeti vyote vitatu.

Sasa nimerudi kwa skana, kama nilivyoahidi. Ndani ya miezi kumi na sita umeomba kazi kwa watu 187 ambao hawajawahi kukuona ukifanya lolote. Na kuna mtu mmoja aliyekuona. Yule fundi wa kutoka nje. Hukumwandika kwenye daftari lako.

Huyo fundi anatoka mahali. Karibu kila anayeitwa kuhudumia ghala moja anahudumia na kliniki, na ofisi ya wakili, na duka la vifaa, kwa mikataba, na kampuni za namna hiyo huwa hazitoshi mikono. Zina vijana wanaoondoka kila baada ya mwaka au miwili kwa sababu wamejifunza vingi haraka mno. Nafasi zao nyingine hazifiki kwenye matangazo, zinaisha kwa bosi kuuliza, "Kuna mtu unamjua?" Na huyu anamjua mtu aliyemrahisishia kazi siku ile, akamwokolea labda nusu siku ya kuzunguka na kompyuta mkononi akitafuta.

Akija tena, au tafuta namba yake kwa msimamizi wako, ambaye kwa kweli anakudai hisani kwa manenosiri yale yote. Usimwombe kazi sentensi ya kwanza. Muulize alizitenganishaje zile simu, aliweka mtandao wa pili au alipanua idadi ya anwani? Utataka kujua kweli, nakujua. Kisha mwambie unatafuta pa kuanzia, na umuulize kama anaweza kukuchukua siku zako za mapumziko umsaidie kuvuta kebo. Akikubali, ulizia na malipo, usione haya. Hata nauli ya kutwa ni mwanzo. Mpelekee na ile CV yenye mistari mitatu. Yeye ndiye msomaji pekee duniani ambaye hatahitaji kuthibitishiwa kwamba ni kweli.

Mwandike kwenye daftari, namba 188. Akikujibu, hata akisema hapana, niandikie.

Mjomba